Umeme unawezaje kuruka mahali pasipo na hewa?

Ukifungua kabati la breka, yaani swichi kubwa ya kukata umeme, ya kilovolti 11 au 33 katika kituo cha kupozea umeme, iwe Tanzania au Kenya, mara nyingi siku hizi utakuta chupa tatu za kauri, moja kwa kila fezi, zimezibwa kabisa pande zote. Ndani ya kila chupa kuna vipande viwili vya metali vinavyotazamana. Hizo ndizo kontakti: moja imetulia, nyingine inasogezwa na fimbo. Zikigusana, umeme unapita. Zikiachana, umeme unakatika, na pengo linalobaki kati yake kwa kawaida halifiki hata sentimita mbili. Humo ndani hamna mafuta wala gesi. Hewa ilinyonywa kiwandani likabaki ombwe, yaani nafasi iliyo karibu tupu, chupa ikazibwa, na tangu siku hiyo haijafunguliwa.

Kama hamna kitu, mbona kontakti zinapoachana tao la umeme, yaani mwali unaopitisha mkondo kwenye pengo, linawaka humo, tena kali kiasi cha kuyeyusha shaba? Na kama linaweza kuwaka, mbona linazimika ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde, wakati katika hewa lingeng'ang'ania hadi liteketeze kabati zima? Na ni nini kinachofanya umeme uruke tena ghafla kwenye pengo ambalo tayari limetulia, bila mtu kugusa chochote?

Maswali hayo yote yanajibiwa na metali. Ombwe lenyewe haliungui na halipitishi umeme. Kila linalotokea ndani ya chupa, jema na baya, linaanzia kwenye uso wa kontakti. Ukilishika hilo, tabia nyingi za breka hizi zinazoonekana kugongana zinaanza kukaa pamoja.

Njia ya hewa, na kwa nini imefungwa

Hewa ya kawaida ni kihami kizuri hadi uga wa umeme ufike takriban kilovolti 3 kwa kila milimita. Daima kuna elektroni chache zinazozurura huru hewani. Uga ukiwa mkali, elektroni moja inakimbizwa, inaigonga molekuli na kuing'oa elektroni nyingine. Mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane, na kabla hujapepesa jicho njia ya umeme imeshafunguka. Mwaka 1889 Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti zinazotosha kuivunja gesi kwa namna hii zinategemea kanieneo ya gesi ikizidishwa kwa umbali kati ya pande mbili. Ukipunguza kanieneo, volti hizo zinashuka, zinashuka, hadi kwa hewa zinafika kwenye sakafu ya volti 330 hivi. Lakini ukizidi kunyonya, mambo yanageuka: volti zinaanza kupanda tena, tena kwa kasi. Molekuli zimekuwa chache mno, elektroni inavuka upande wa pili bila kugonga chochote, na bila kugonga haizaliani.

Chupa ya breka inaishi upande huo wa pili. Kiwandani kanieneo yake hushushwa hadi karibu 0.001 paskali au chini ya hapo, ambapo hewa tunayoivuta ina paskali 101,325. Tofauti ni ya mara milioni 100. Usije ukadhani kwamba hapo hapana kitu kabisa: kwa 0.001 paskali bado kuna molekuli zaidi ya bilioni 200 katika kila sentimita moja ya ujazo. Ila molekuli moja husafiri wastani wa mita 6 hivi kabla ya kugongana na mwenzake, sembuse elektroni ambayo ni ndogo zaidi na hufika mbali zaidi. Kontakti zenyewe zimeachana milimita 10. Basi njia aliyoieleza Paschen haipo, na umeme ukitaka kuruka lazima upate kitu kingine cha kupitia.

Vichongoko

Mwaka 1928 Ralph Fowler na Lothar Nordheim walieleza kwa fizikia ya kwanta jinsi elektroni zinavyoweza kutoka kwenye metali iliyo baridi kabisa. Kwa kawaida elektroni inazuiwa na ukuta wa nishati kwenye uso wa metali. Uga wa nje ukiwa mkali vya kutosha, ukuta huo unakuwa mwembamba, na elektroni inapenya bila hata kuupanda. Uga unaotakiwa ni wa kutisha: volti bilioni kadhaa kwa mita.

Tupige hesabu. Breka ya kiwango cha kilovolti 36 lazima istahimili pigo la majaribio la kilovolti 170, linaloiga radi. Gawanya kwa pengo la milimita 17, unapata volti milioni 10 kwa mita. Bado tumepungukiwa mara mia kadhaa. Kwa hesabu hiyo chupa isingevunjika kamwe, na wote wanaozitumia wanajua kwamba huvunjika.

Kinachoziba upungufu huo ni ukali wa uso. Kontakti iliyosuguliwa ikang'aa, ukiitazama kwa hadubini ya elektroni, ina vichongoko, mikwaruzo, kingo za punje za metali na chembe zilizonata. Mistari ya uga hujikusanya kwenye ncha ya kichongoko jinsi radi inavyouchagua mnazi mrefu kuliko yote ufukweni. Kichongoko chenye urefu wa maikromita chache tu kinaweza kuukuza uga kwenye ncha yake mara mia moja, hata mara mia kadhaa. Zidisha milioni 10 kwa 300, unapata bilioni 3, na hapo elektroni zinaanza kumwagika.

Mkondo wa mwanzo ni mdogo, lakini unapita kwenye ncha nyembamba mno, hivyo ncha inajipasha moto yenyewe. Ikizidiwa, haiyeyuki polepole. Inalipuka, kwa muda unaopimwa kwa nanosekunde, na kuacha wingu la plazma ya metali, yaani mvuke unaopitisha umeme. Kundi la Gennady Mesyats huko Tomsk, katika Umoja wa Kisovieti, lililichunguza jambo hili kwa kina kuanzia miaka ya 1960. Upande wa pili wa pengo nao haukai bure: elektroni zilizovuka zinaugonga zikiwa na nishati ya volti zote, zinachemsha sehemu ndogo ya anodi, yaani kontakti ya upande chanya, na kufukuza gesi na mvuke. Mawingu hayo mawili yakikutana, pengo si ombwe tena. Kontakti zimejitengenezea gesi yake, gesi ya shaba, na umeme umepata daraja.

Kuna njia ya pili, ambayo Lawrence Cranberg aliipendekeza mwaka 1952. Chembe iliyolegea juu ya kontakti hubeba chaji, huvutwa na uga, huvuka pengo kwa kasi, na ikigonga upande wa pili nishati yake inageuka joto na mvuke. Hesabu yake inatoa tokeo lenye uzito mkubwa: volti za kuvunja pengo hazikui sambamba na umbali, hukua kwa kipeuo cha pili cha umbali. Ukiliongeza pengo mara nne, unapata ustahimilivu mara mbili tu. Kwenye mapengo ya milimita moja au mbili ombwe ni kihami cha ajabu, linaipita hewa mbali sana. Kwenye mapengo ya sentimita kadhaa faida inapungua. Kwa sababu hiyo breka za ombwe zilitawala mapema kwenye kilovolti 11 na 33, huku zikichelewa kufika kwenye 132 na kuendelea.

Kiwandani, chupa mpya hupigwa volti kubwa kwa makusudi hadi cheche ziruke ndani yake, mara nyingi, kwa mkondo uliodhibitiwa. Kila cheche inachoma kichongoko kimoja au kuondoa chembe moja. Ustahimilivu unapanda, unapanda, kisha unatulia. Mimi hatua hii naiona kuwa ya busara kubwa: uso wa kontakti unasafishwa na umeme uleule ambao baadaye utakuja kuzuiwa nao. Lakini hatua hiyo inatufundisha pia kwamba ustahimilivu wa chupa si namba moja iliyochorwa kwenye kibati chake. Ni jambo la uwezekano, linalobadilika na hali ya uso. Kontakti zikifungwa chini ya mzigo, umeme unaruka kabla hazijagusana, unaziyeyusha kidogo na kuzigandisha; zikifunguliwa, pale palipoganda panachanika na kuacha vichongoko vipya. Tao linalofuata hulainisha baadhi yake. Basi uso hauna sura moja ya kudumu: kila ufungaji unauharibu kidogo, na kila tao linautengeneza kidogo.

Neno moja kuhusu mionzi, kwa sababu mafundi huuliza na wana haki ya kuuliza. Elektroni ikivuka ombwe kwa makumi ya kilovolti na kusimamishwa ghafla na metali, inatoa miale ya eksi. Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka 1895 akifanya kazi na mirija ya namna hiyohiyo. Kwa volti za kazi za kawaida miale hiyo ni hafifu, na viwango vya kimataifa vinataka isizidi maikrosiveti 5 kwa saa kwa umbali wa mita 1. Wakati wa majaribio ya volti kubwa hali ni tofauti, hasa mtu akiongeza volti kupita kiwango kilichoandikwa au akilipunguza pengo. Fundi anayepima asimame mbali, milango ya chuma iwe imefungwa, na volti zisipite zile za kitabu cha mtengenezaji.

Tao linapowaka, na linapokufa

Mpaka hapa nimezungumzia pengo lililo wazi. Breka inapofunguka huku mzigo unapita, umeme hauhitaji kichongoko wala kilovolti. Kontakti zinapoanza kuachana, eneo la mguso linapungua hadi nukta moja ndogo. Mkondo wote unabanwa hapo. Nukta inayeyuka, daraja la shaba ya maji linavutwa, linachemka, linapasuka. Mvuke wake ndio tao la kwanza.

Kuanzia hapo kathodi, yaani kontakti ya upande hasi, inachukua kazi. Juu yake yanatokea madoa madogo yenye mwanga mkali, kila moja likiwa na upana wa maikromita chache hadi makumi. Kwa shaba, doa moja hubeba takriban ampea 50 hadi 100. Mkondo ukiwa ampea 1,000, utakuta madoa kumi na kitu yakikimbia huku na huku juu ya uso, yanagawanyika, mengine yanakufa na mapya yanazaliwa pembeni. Kila doa linageuza metali moja kwa moja kuwa plazma, na ioni za shaba zinatoka humo kwa kasi ya kilomita 10 hivi kwa sekunde. Tao zima linahitaji volti 20 tu kujiendesha, zaidi kidogo mkondo ukiwa mkubwa. Katika breka za mafuta au hewa tao hula mamia ya volti. Fanya hesabu ya ampea 10,000 kwa volti 40 kwa muda wa milisekunde 10: kilojuli 4. Ni nishati ndogo, na ndiyo inayowezesha chupa iliyozibwa kukata mzigo mara maelfu bila kufunguliwa wala kusafishwa.

Mkondo geu wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde hupita kwenye sifuri kila milisekunde 10. Unapokaribia sifuri madoa yanapungua, linabaki moja, nalo linazimika. Sasa tazama kilichobaki: ioni zinazokwenda kilomita 10 kwa sekunde huvuka pengo la milimita 10 kwa maikrosekunde moja. Mvuke unagonga kontakti na ngao ya metali iliyozizunguka, unaganda hapohapo. Elektroni na ioni za mwisho zinafagiliwa na volti zinazorudi, na kifaa cha kupimia kinaonyesha mkondo mdogo unaodumu maikrosekunde chache baada ya sifuri. Kisha kimya. Pengo limerudi kuwa ombwe kwa sababu kilichokuwa kinawaka, yaani metali, kimerudi kuwa kigumu. Gesi haiwezi kufanya hivyo. Gesi iliyochemka lazima ipoe, na kupoa kunachukua muda.

Kuna jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini hasa. Baada ya sifuri, pande zinabadilishana: iliyokuwa anodi sasa ni kathodi. Madoa yote yalikuwa upande ule mwingine. Kathodi mpya ni baridi, haina hata doa moja, na ili tao lirudi ni lazima lianze upya kutoka kwenye uso usio na moto.

Hilo ni kweli mradi anodi haikuyeyuka. Mkondo wa hitilafu ukipita kiloampea 10 hivi, uga sumaku wa tao lenyewe unalibana. Madoa yaliyotawanyika yanakusanyika, linajengeka tao moja nene, na anodi inachemka mahali pamoja. Sifuri ikifika, dimbwi hilo la shaba bado ni la moto na linaendelea kutoa mvuke kwa milisekunde kadhaa, wakati volti zinarudi kwa maikrosekunde. Hapo breka inashindwa.

Wahandisi walipata njia mbili. Ya kwanza ni kuchonga kontakti kwa mikato ya mzunguko, ili mkondo unapopita kwenye mabawa yake uzalishe uga sumaku wa kukingama unaolisukuma tao lizunguke ukingoni bila kutulia mahali pamoja. Ya pili ni kuweka nyuma ya kontakti njia ya mkondo iliyozungushwa, inayotoa uga sumaku unaoelekea upande uleule wa tao. Elektroni zinashikwa kwenye mistari ya uga na tao linabaki limetawanyika hata kwa kiloampea makumi. Njia ya pili naiona bora, kwa sababu inazuia tatizo lisizaliwe, ilhali ya kwanza inakimbizana nalo. Gharama yake ni ukinzani zaidi kwenye njia ya mkondo, hivyo joto zaidi breka ikiwa imefungwa.

Miaka zaidi ya thelathini ya kungoja

Kanuni hii haikuwa siri. Royal Sorensen na H. E. Mendenhall wa chuo cha Caltech, California, walichapisha majaribio yao ya kukata umeme ndani ya ombwe mwaka 1926, na matokeo yalikuwa mazuri. Hata hivyo breka za kuaminika za mifumo ya umeme zilingoja hadi miaka ya 1960, baada ya kazi ndefu ya kampuni ya General Electric huko Marekani na watafiti wa Uingereza. Kilichochelewesha ni metali tena. Shaba ya kawaida ina gesi iliyofichika ndani yake. Kila tao linapochimba uso, gesi hiyo inatoka, na baada ya muda chupa inajaa pumzi ya kontakti zake. Ilibidi ijulikane kwanza namna ya kutengeneza metali isiyo na gesi, kauri inayounganika na metali bila kuvuja, mvukuto wa chuma cha pua unaoruhusu fimbo kusogea mara maelfu bila kupasuka, na vinasa gesi vya kumeza mabaki.

Shaba safi ilikuwa na kasoro nyingine mbili: inagandana kwa urahisi, na inakata mkondo kabla ya wakati. Kugandana kulitatuliwa mwanzoni kwa kuchanganya bismuthi kidogo, inayoifanya sehemu iliyoganda ivunjike kirahisi. Baadaye mchanganyiko wa shaba na kromi ulishinda, na ndio unaotumika zaidi hadi leo. Hiyo kasoro ya pili inahitaji maelezo marefu kidogo.

Breka inapokata kupita kiasi

Doa la kathodi haliwezi kuishi kwa mkondo mdogo mno. Mkondo ukishuka chini ya kiasi fulani, doa la mwisho linakufa ghafla kabla ya sifuri halisi. Kwa shaba safi hilo hutokea kwenye ampea 15 hivi. Kwa shaba na kromi, karibu ampea 3 hadi 5. Ni mkondo mdogo, lakini ukikatwa ghafla kwenye mota au transfoma isiyo na mzigo, nishati iliyokuwa kwenye uga sumaku wa koili haina pa kwenda ila kuchaji kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) ndogo ya koili na kebo. Volti zinazotokea ni mkondo uliokatwa ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa induktansi (uwezo wa koili kushika nishati ya sumaku) na kapasitansi. Tuseme kipeuo hicho ni ohmu 5,000: ampea 5 zinazalisha kilovolti 25. Mota ya kilovolti 6.6 haikujengwa kwa hilo.

Baya zaidi ni mruko unaojirudia. Kontakti zikibahatika kuachana kidogo tu kabla ya sifuri, mkondo unakatika pengo likiwa bado halijafika hata milimita moja. Volti zinarudi, pengo halistahimili, umeme unaruka. Mkondo unaofuata unatikisika kwa mizunguko mamia ya maelfu kwa sekunde, na hapo umahiri wa ombwe unageuka kuwa tatizo: linaweza kuukata hata mkondo huo wenye kasi, kwenye sifuri yake mojawapo. Volti zinapanda tena, safari hii juu zaidi, umeme unaruka tena, unakatwa tena. Ndani ya milisekunde moja yanaweza kutokea mapigo makumi, kila moja likiwa na ukingo mkali unaoangukia mizunguko ya kwanza ya koili ya mota.

Kwa hiyo anayefunga breka ya ombwe kwenye mota kubwa, tanuru la kuyeyushia chuma au riakta (koili kubwa ya gridi), asiishie kuweka kizuia radi cha kawaida peke yake. Kizuia radi kinapunguza kilele cha pigo, hakipunguzi ukali wa ukingo wake. Ukingo unalainishwa na kapasita ikiwa mfululizo na rezista, vikifungwa karibu na mota. Nimeona gharama ya vifaa hivyo ikipunguzwa kwenye bajeti mara nyingi, na kwa mota inayotarajiwa kukaa miaka ishirini uamuzi huo haunipi raha.

Umeme unaoruka baada ya kila kitu kutulia

Tao limezimika, volti zimerudi, pengo limestahimili. Kisha, milisekunde mia kadhaa baadaye, chembe moja inalegea kutoka kwenye kontakti au ngao, labda kwa mtikisiko wa mitambo ya breka yenyewe. Inavuka, inagonga, umeme unaruka. Mara nyingi pengo linajizima lenyewe ndani ya maikrosekunde chache kabla mkondo wa kawaida haujashika njia. Viwango vya kimataifa vinautambua mruko wa namna hii na haviuhesabu kuwa ni ushahidi tosha kwamba breka imeshindwa. Nakubaliana navyo, mradi fundi asichanganye jambo hilo na mruko unaoacha mkondo kamili upite tena.

Tofauti inaonekana wazi kwenye benki za kapasita. Kapasita iliyokatwa inabaki na chaji yake, huku upande wa gridi ukiendelea kupanda na kushuka, hivyo pengo la breka linabeba karibu mara mbili ya kilele cha volti za kawaida. Umeme ukiruka wakati huo, kapasita inatikisika na inaweza kuishia na volti kubwa kuliko mwanzo. Isitoshe, wakati wa kufunga, kapasita hufyonza mkondo mkali kabla kontakti hazijagusana, zinagandana kidogo, na ufunguaji unaofuata unaacha vichongoko. Ni kazi nyepesi kwa ampea, lakini ni ngumu kwa uso wa metali.

Chupa iliyovuja

Mvukuto ukipata ufa, hewa inaingia. Wengi hudhani kipimo cha mega, kile cha kupimia uhami, cha kilovolti 5 kitaonyesha. Hakionyeshi lolote la maana. Chupa iliyojaa hewa kabisa, yenye pengo la milimita 10, itastahimili kilovolti 5 bila shida, kwa kuwa hewa yenyewe inabeba karibu kilovolti 30 kwa pengo hilo. Mega itakuambia kila kitu kiko sawa juu ya chupa ambayo ombwe lake limekwisha. Lazima kitumike kifaa cha volti kubwa, vyema cha mkondo geu, kwa volti alizotaja mtengenezaji, breka ikiwa imefunguliwa na imetengwa na laini. Cha mkondo mnyoofu nacho hutumika, ila kichongoko kimoja kinaweza kupitisha mkondo mdogo na chupa nzima ikahukumiwa bure. Ukipata jibu baya, geuza ncha chanya na hasi, upime tena.

Kuna kipimo kingine kinachotumia uga sumaku kuzungusha elektroni ndani ya chupa ili zigonge zile molekuli chache zilizobaki, na mkondo unaotokea unatafsiriwa kuwa kanieneo. Faida yake ni kwamba kinaona ombwe linalodhoofika taratibu, kabla halijafika pabaya. Pabaya kuliko pote si hewa kamili, ni pale katikati, kwenye bonde alilolichora Paschen, ambako volti mia chache zinatosha kuvunja pengo.

Kuelekea volti za juu

Kwa miongo mingi breka za kilovolti 132 na kuendelea zimetegemea gesi ya SF6 (sulfuri heksafloridi). Inazima tao vizuri, lakini kilo moja ya gesi hiyo ikivuja hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 24,000 za kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2024, umeanza kuifungia nje: vifaa vipya vya hadi kilovolti 24 kuanzia 2026, na vya hadi 52 kuanzia 2030. Macho yamerudi kwenye ombwe, na kile kipeuo cha pili cha Cranberg kimerudi kusumbua.

Jambo hili lilijaribiwa mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1960, West Ham jijini London, ilifungwa breka ya ombwe ya kilovolti 132 yenye chupa nane mfululizo kwa kila fezi. Ilifanya kazi, ila ilikuwa ghali kuliko wapinzani wake. Japani imetumia breka za ombwe za kilovolti 72 na 84 kwa muda mrefu. Leo Siemens inatengeneza za kilovolti 145 zenye chupa moja tu kwa kila fezi, pengo lake likiwa la sentimita kadhaa, na nje yake kumejazwa hewa iliyosafishwa badala ya SF6. Kiwango hicho kinadai pigo la majaribio la kilovolti 650, hivyo usafi wa uso na umbo la ngao vinapewa uangalifu usiokuwa wa lazima kwenye kilovolti 33.

Kwa laini za kilovolti 400, kama ile iliyojengwa kati ya Iringa na Shinyanga au ya Mombasa hadi Nairobi, chupa moja haitoshi. Njia inayofanyiwa kazi ni kuziweka mbili au zaidi mfululizo. Kwa sheria ya kipeuo cha pili, mapengo mawili mafupi yanastahimili zaidi kuliko moja refu lenye jumla ileile. Taabu ni kwamba volti hazigawanyiki sawasawa: kapasitansi inayovuja kwenda ardhini huifanya chupa iliyo upande wa volti kubwa ibebe zaidi, na inabidi kila chupa iwekewe kapasita sambamba ili kusawazisha. Faida nyingine iko kwenye zile chembe. Ikilegea moja katika chupa ya kwanza na umeme ukaruka humo, chupa ya pili hubeba volti zote peke yake kwa maikrosekunde chache ambazo ya kwanza inahitaji ili irudi kuwa ombwe.